Jinsi ya kuchagua bagi la umeme kwa mbio zako za kwanza: mwongozo kamili kwa Arusha na Moshi

Bagi ni gari dogo la rimoti la kukimbia kwenye vumbi na matuta, na zuri la kuanzia mbio ni lile ambalo likivunjika mkono wa mbele (kipande kinachoshikilia gurudumu) saa nne asubuhi, saa tano limesharudi kiwanjani. Nalisema hili mapema kwa sababu ukifungua kurasa za wauzaji, kitu cha kwanza kuonyeshwa ni kilomita kwa saa: 60, 80, hata zaidi. Kasi hizo ni za barabara iliyonyooka, betri imejaa na hakuna kona. Mbio zenyewe ni kona, vumbi, tuta, na dakika tano za kuhakikisha gari halipinduki.

Huku kwetu kuna jambo jingine. Spea za magari ya rimoti hazipatikani dukani kama spea za bodaboda. Ukikosa kipande cha plastiki chenye urefu wa kidole, gari linaweza kukaa kabatini wiki kadhaa likisubiri mzigo. Kwa hiyo katika kila hatua hapa chini jiulize: likiharibika, nitalitengenezaje?

Hatua ya 1: Tafuta wenzako kabla ya kutafuta gari

Ukiwa na bagi la aina yake peke yako mjini, huna wa kushindana naye. Kama unajua watu wanaoendesha magari ya rimoti, iwe Njiro, Sakina au kule Shanty Town Moshi, nenda ukawaone kwanza. Muulize kila mmoja maswali manne: gari lako ni la ukubwa gani, linatumia betri gani, kinachovunjika mara kwa mara ni nini, na spea unazitoa wapi? Jibu la swali la tatu lina faida kuliko video yoyote ya tathmini utakayoitazama. Wengi wakiwa na gari fulani, nunua hilohilo hata kama moyo umependa jingine.

Kama hakuna kundi, anzisheni lenu. Watu watatu wakinunua gari la aina moja wanaagiza mzigo mmoja, wanagawana gharama ya usafirishaji, na kila mmoja anachangia mikono miwili ya mbele na seti ya gia kwenye sanduku la pamoja. Mbio nazo zinanoga, maana magari yakilingana anayeshinda ni dereva.

Mkubaliane masharti machache tangu siku ya kwanza: mota ya aina moja, betri ya seli mbili, tairi za aina moja ikiwezekana. Katika vilabu vya nje ya nchi, daraja linaloitwa stock mara nyingi hufungwa kwa mota ya mizunguko 17.5, yaani idadi ya mizunguko ya waya ndani ya mota. Mizunguko ikipungua, mota inakuwa kali zaidi. Si lazima mfuate namba hiyo, lakini fuateni wazo lake: wekeni kikomo cha nguvu ili fedha zisiamue mshindi.

Hatua ya 2: Ukubwa wa gari

Ukubwa huandikwa kwa sehemu: 1/8, 1/10, 1/14. Namba ya chini ikiwa kubwa, gari ni dogo.

Bagi la 1/8 ni kubwa, lina urefu wa karibu nusu mita na uzito wa kilo tatu na zaidi. Linameza mashimo bila shida, lakini la mashindano hutumia betri ya seli nne, linataka kiwanja kikubwa, na likimgonga mtoto mguuni utaishia zahanati. Kwa anayeanza silipendekezi.

Bagi la 1/10 ndilo ninalolipendekeza kwa watu wengi. Lina urefu wa karibu sentimita 40 na linatosha kwenye kiwanja cha kawaida cha mtaa. Ukubwa huu ulishika mizizi zamani: mwaka 1984 Tamiya ya Japani ilitoa Grasshopper na Hornet, Associated ya Marekani ikatoa RC10 mwaka huohuo, na mwaka 1985 mashindano ya kwanza ya dunia ya mabagi ya umeme chini ya IFMAR, shirikisho la kimataifa la mbio za magari ya rimoti, yakafanyika Del Mar, California. Faida kwako ni kwamba mota za saizi ya 540 bado zinaingiliana kati ya kampuni nyingi, na magurudumu mengi ya siku hizi hushikwa na heksi (kishikio cha pembe sita) ya milimita 12. Kama spea za kampuni moja hazipatikani, kuna nyingine.

1/14 ni dogo na la bei nafuu. WLtoys 144001 ni mfano unaojulikana sana: magurudumu yote manne yanavuta, betri ni ya volti 7.4, na kwa kawaida linauzwa kwa kiasi kinachozunguka dola 100 kabla ya usafiri na ushuru. Kwa vijana watatu wanaotaka kuanza mbio mwezi huu, ni chaguo la maana kabisa. Ila lina jambo la kuliangalia: kidhibiti mwendo na kipokezi cha rimoti viko kwenye bodi moja. Bodi ikiungua, vyote viwili vimekwenda. Agiza bodi ya akiba pamoja na gari.

Hatua ya 3: Kuvuta magurudumu mawili au manne

Hapa udongo wetu ndio unaoamua. Ardhi ya Arusha, chini ya Meru, ni ya asili ya volkano, na wakati wa kiangazi vumbi lake ni laini kama unga na limelala juu ya tabaka gumu. Gari linalovutwa na magurudumu ya nyuma peke yake litazungusha mkia kila ukibonyeza mafuta (ndivyo tunavyoita kifyatulio cha mwendo, hata kwa gari la umeme) mapema kwenye kona. Ni shule nzuri ya kidole, lakini wanaoanza wengi hukata tamaa mapema.

Ushauri wangu ni magurudumu manne yanayoendeshwa kwa shafti, gia zikiwa ndani ya boksi lililofungwa. Mabagi mengine hutumia mkanda. Mkanda ni mzuri kwenye kiwanja safi, lakini kokoto ndogo ikiingia kati ya mkanda na puli, meno yanang'oka. Tamiya TT-02B ni mfano mmoja wa bagi la 1/10 la shafti kwa anayeanza.

Ukiamua magurudumu mawili kwa sababu ya bei au kwa sababu kundi lako linayo, chagua lenye mota nyuma ya ekseli ya nyuma. Uzito ukiwa nyuma unakandamiza tairi zinazovuta, jambo linalosaidia sana kwenye vumbi. Mabagi ya kisasa ya mashindano yenye mota katikati yametengenezwa kwa viwanja vinavyoshika vizuri, ambavyo hatuna. Traxxas Bandit na Tamiya DT-03 zote zina mota nyuma.

Hatua ya 4: Lililokamilika au la kuunganisha mwenyewe

Lililokamilika, ambalo wauzaji huliandika RTR, linakuja na karibu kila kitu, ingawa betri na chaja mara nyingine hazimo. Soma orodha ya vilivyomo kwenye boksi kabla ya kulipa. La kuunganisha linakuja vipande vipande na kitabu cha picha, na kwa kawaida redio (rimoti ya kuendeshea), betri na chaja unanunua mwenyewe.

Kama una subira, nunua la kuunganisha. Mtu aliyefunga kila skrubu kwa mkono wake akisikia mlio wa ajabu anajua unatoka wapi. Mzazi ukikaa mezani na mtoto jioni chache mkaliunganisha pamoja, mtoto ataelewa difu na shokapu kwa kuzishika. Zingatia mambo mawili. Vifaa vingi vya bei nafuu vya Tamiya huja na bushi za plastiki mahali pa beringi, na kwa vumbi letu bushi hizo huisha haraka, hivyo agiza seti ya beringi zenye vizibo vya mpira siku hiyohiyo. Pia skrubu zao za msalaba ni za kipimo cha Kijapani cha JIS. Bisibisi ya kawaida ya msalaba itakula vichwa, kisha hutaweza kuzifungua tena.

Hatua ya 5: Mota na kidhibiti mwendo

Kuna mota za kaboni na mota za brashilesi. Ya kaboni ni rahisi na inatosha kabisa kwa msimu wa kwanza, ila kaboni zake huchakaa na vumbi huharakisha uchakavu huo. Brashilesi haina kaboni za kuchakaa, ina nguvu zaidi kwa umeme uleule, na bei yake iko juu. Zipo brashilesi zenye sensa (kinachosoma mkao wa mota) na zisizo na sensa. Zenye sensa huondoka polepole bila kukwamakwama, na hilo linahisika kwenye kona za taratibu.

Kidhibiti mwendo, ambacho kwenye matangazo huandikwa ESC, lazima kiwe na uwezo wa kukata umeme betri ya LiPo (aina ya lithiamu) inapokaribia kuisha. Baadhi vina kijiti kidogo cha kuhamisha kati ya NiMH (betri ya nikeli) na LiPo. Hakikisha kimekaa kwenye LiPo kabla hujachomeka betri, maana kosa hilo huua betri mpya kwa siku moja.

Mtu akikuuliza kwa nini umeme na siyo injini ya mafuta, mbali na kelele kwa majirani kuna sababu ya kijiografia. Arusha iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, na injini hupoteza nguvu hewa inapokuwa nyepesi. Mota ya umeme haiathiriki hivyo. Moshi, iliyo chini zaidi, ina joto, na joto ndilo adui wa mota. Baada ya dakika tano za kukimbia, gusa mota kwa kidole. Ukishindwa kukiacha sekunde tatu, imepata moto kupita kiasi. Punguza meno mawili kwenye gia ndogo ya mota. Kasi ya mwisho itapungua kidogo, lakini gari litatoka kwenye kona vizuri zaidi.

Hatua ya 6: Betri na chaja

Hapa usibane matumizi, na usome taratibu.

Betri ya NiMH ya volti 7.2 ni ngumu na haina hatari kubwa, lakini ni nzito na inapungua nguvu kadiri mbio zinavyoendelea. LiPo ya seli mbili, volti 7.4, ni nyepesi na inashika nguvu karibu hadi mwisho. Kwa mbio chukua LiPo yenye ganda gumu. Kila seli ikijaa huwa volti 4.2, yaani 8.4 kwa betri nzima. Usiishushe chini ya volti 3.0 kwa seli, na ni busara kusimama karibu na 3.5. Kwa kuhifadhi, iache kwenye 3.8 hivi. LiPo iliyoachwa imejaa wiki nzima ndani ya nyumba yenye joto inaweza kuanza kuvimba, na iliyovimba haitumiki tena.

Uwezo wake upigie hesabu hivi. Betri ya mAh 5000 inatoa ampea 5 kwa saa moja. Bagi likila wastani wa ampea 20, betri hiyo inadumu dakika 15. Ukiacha akiba ya moja ya tano unabaki na dakika 12, yaani raundi mbili za dakika tano na kidogo. Kwa siku ya mbio, betri mbili zinatosha ukiwa na pa kuchajia.

Chaja iwe ya kusawazisha seli, ile yenye plagi ndogo nyeupe ya waya nyembamba pembeni ya waya mbili kubwa. Chaji betri kwa ampea sawa na uwezo wake: ya mAh 5000 kwa ampea 5, ya mAh 1500 kwa ampea 1.5. Tafuta chaja inayokubali umeme wa ukutani na pia wa betri ya gari. Chaja nyingi za aina ya B6 hupokea volti 11 hadi 18, hivyo Tanesco wakikata Jumapili asubuhi unachaji kutoka kwenye betri ya gari au ya sola. Nyumbani ichomeke kupitia ile plagi ya kulinda friji, kwa sababu umeme unaporudi ndipo vifaa vinapoungua. Na umeme ukirudi, nenda kaangalie: chaja nyingi haziendelei zenyewe.

Usalama wa LiPo hauna mjadala. Chajia juu ya saruji au tofali, mbali na kapeti na pazia, ukiwa unaiona, na ndoo ya mchanga mkavu pembeni. Usichaji usiku ukiwa umelala. Betri iliyogongwa hadi ganda likapasuka, iweke nje.

Kama ndugu yako anakuletea betri kwa ndege kupitia KIA, mwambie azibebe kwenye mkoba wa mkononi, ncha zikiwa zimezibwa kwa selotepu. Mashirika ya ndege hayaruhusu betri za akiba za lithiamu kwenye mzigo wa chini. Kikomo cha kawaida bila kibali ni Wh (wati-saa) 100 kwa betri moja, na ya volti 7.4 yenye mAh 5000 ni Wh 37 tu.

Plagi nazo zinaweza kutofautiana: Deans, XT60, au ile nyeupe ya Tamiya. Kundi zima lichague moja. Fundi simu yeyote mzuri anaweza kulehemu: "Fundi, naomba unibadilishie plagi, nyekundu iende kwenye alama ya kujumlisha, na ukate waya mmoja mmoja." Sentensi hiyo ya mwisho isisitize, kwa sababu mkasi ukikata waya zote mbili za betri kwa pamoja zinagusana, na cheche zake si za mchezo.

Hatua ya 7: Redio

Chukua ya 2.4 GHz yenye umbo la bastola. Za zamani za 27 MHz zilitumia kristali, na magari mawili yenye kristali sawa yaliingiliana. Iwe na uwezo wa kupunguza ukali wa usukani na kikomo cha mafuta. Kwa dereva mpya, mafuta ya asilimia 60 hivi siku za mwanzo yanaokoa spea nyingi. Weka pia mpangilio wa kupoteza mawasiliano, gari lifunge breki likipoteza mawimbi. Washa redio kwanza, gari baadaye. Kuzima, gari kwanza.

Hatua ya 8: Gawa bajeti

Gari lenyewe lisile zaidi ya theluthi mbili ya fedha uliyo nayo. Inayobaki ni ya chaja, betri ya pili na spea. Pamoja na gari agiza mikono ya mbele jozi mbili, vishikio vya usukani, pini zake, gia kubwa moja, gia ndogo za meno tofauti, beringi na seti moja ya tairi. Kumbuka ushuru wa forodha na VAT hutozwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na usafiri, kwa hiyo mzigo wa bei rahisi mtandaoni si lazima uwe rahisi ukifika mkononi. Mwombe muuzaji risiti yenye bei halisi.

Ukinunua lililotumika, lishike mwenyewe. Tikisa kila gurudumu, likicheza sana beringi au pini zimekwisha. Shika gurudumu moja la nyuma, zungusha la pili: ukisikia kukwaruza, difu imeliwa. Bonyeza gari chini liinuke lenyewe. Likibaki chini, shokapu hazina mafuta. Nusa kidhibiti mwendo, maana harufu ya kuungua haijifichi. Betri iliyovimba mwachie muuzaji hata akiitoa bure.

Hatua ya 9: Kabla halijagusa vumbi

Lililokamilika lifungue hata kama ni jipya. Kaza kila skrubu inayoingia kwenye chuma baada ya kuitia tone la gundi ya nyuzi ya bluu, ile ya kuzuia skrubu kulegea. Zinazoingia kwenye plastiki usitie gundi.

Kisha tazama nafasi kati ya gia ndogo ya mota na gia kubwa. Kata utepe mwembamba wa karatasi ya daftari, uweke kati ya meno, sukuma mota hadi meno yabane karatasi, kaza skrubu za mota, halafu zungusha gia kwa kidole karatasi itoke. Itoke imekunjamana kwa meno lakini haijachanika. Tikisa gia kubwa: inacheza kidogo sana, unyweleunywele. Sasa izungushe duara zima uijaribu sehemu tatu au nne, kwa sababu gia nyingine si duara kamili na hubana upande mmoja. Kazi hii ya dakika tano ndiyo inayoamua kama gia kubwa itamaliza msimu au itanyolewa meno kabla ya saa sita mchana.

Tairi za vinundu vya wastani zinatufaa zaidi. Hakikisha zimegandishwa kwenye rimu mzunguko mzima, na penye mwanya tia tone la supagluu.

Usipake mafuta beringi na viungio kwa nje. Vumbi letu likichanganyika na mafuta linasaga chuma. Safisha kwa mswaki mkavu. Kompresa ya fundi wa pancha inasaidia pia, ila ipulize kwa mbali na shika gurudumu lisizunguke, maana hewa ya nguvu hupeleka vumbi ndani ya beringi.

Hatua ya 10: Kiwanja na raundi za kwanza

Omba ruhusa ya kiwanja cha shule au cha mtaa wakati hakuna watoto. Chora njia kwa mipira chakavu ya kumwagilia au tairi za bodaboda zilizokatwa nusu, na tuta moja la udongo linatosha. Mwagia maji kidogo nusu saa kabla ya kuanza: vumbi linatulia na tairi zinashika. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, tope linaingia kila mahali, kwa hiyo subiri kiwanja kikauke hata kama gari limeandikwa kwamba halipitishi maji.

Madereva wasimame pamoja mahali palipoinuka. Wasioshindana raundi hiyo wasimame kwenye kona kuyainua magari yaliyopinduka, na anayeinuliwa asibonyeze mafuta mpaka mwenzake aondoe mkono. Sheria hii muiandike, maana tairi linalozunguka huchana vidole.

Kila raundi iwe ya dakika tano. Mtu mmoja ahesabu mizunguko kwa simu na aandike muda wa kila mzunguko. Tazama tofauti kati ya mzunguko wako bora na mbovu. Mpaka tofauti hiyo ishuke chini ya sekunde mbili, fedha yoyote utakayopata inunulie tairi na mikono ya mbele, na mota yako iache kama ilivyo.